Nyumbani kwa Yairo Waliingia Baba na Mama



Ukifungua Injili ya Marko, sura ya 5, utakutana na mzee aitwaye Yairo, mkuu wa sinagogi. Ni mtu wa heshima, mtu ambaye wengine humpisha njiani. Lakini siku ile anaanguka miguuni pa Yesu mbele ya umati wote, kwa sababu binti yake wa miaka 12 yu karibu kufa. Somo hilo husomwa Dominika ya 13 ya Mwaka B, nami nimewaeleza wakatekumeni hapa Eldoret mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nilikuwa nikikazia imani ya Yairo. Nilikuwa nikikazia yule mama aliyegusa vazi. Kuna jambo dogo nililokuwa nikiliruka kila mara, mpaka lilipobisha hodi mlangoni pangu.

Jambo lenyewe ni hili. Yesu alipofika katika nyumba ile aliwatoa nje wote waliokuwa wakilia na kupiga kelele. Kisha akamchukua baba wa mtoto na mama wa mtoto, akaingia nao mahali alipolala. Hakumchukua baba peke yake, ingawa ndiye aliyekwenda kuomba. Hakumchukua mama peke yake, ingawa bila shaka ndiye aliyekuwa amekesha. Waliingia wote wawili.

Leo nazungumza na ninyi ambao nyumbani mwenu kuna mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani kile kinachohitaji insulini kila siku ya Mungu. Na ninyi ambao hamna mtoto wa namna hiyo, msigeuze ukurasa. Katika Jumuiya yenu Ndogo ya Kikristo huenda yupo jirani mwenye mzigo huu, na hajui amwambie nani.

Binti yetu aliugua akiwa na umri wa miaka 8. Alianza kunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa. Akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha zamani. Mimi baba yake nilimkaripia mbele ya ndugu zake, nikamwambia msichana mkubwa haoni haya. Neno hilo bado linanichoma. Akakonda, sare ya shule ikawa inaning'inia. Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, tukaambiwa ni malaria, tukarudi na dawa. Siku ya tatu alikuwa akitapika, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva mno. Tulipofika hospitali kubwa alikuwa hajui tena yuko wapi. Pale walimpima sukari kwa tone moja la damu kidoleni. Tone moja tu, ndugu zangu. Laiti lingechukuliwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo nisije nikasahau: mtoto mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara kwa mara, anayekonda huku anakula, ombeni apimwe sukari siku hiyo hiyo. Msiogope kumwomba muuguzi. Kutapika, maumivu ya tumbo na homa hudhaniwa kuwa malaria au taifodi, na wako watoto waliozikwa kwa kudhaniwa hivyo.

Daktari alitueleza kwa upole. Alisema kinga ya mwili, ile iliyowekwa kutulinda, huwa imekosea adui, ikazishambulia chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini ifanye kazi. Ikikosekana, sukari hurundikana katika damu na mwili unashinda njaa katikati ya shibe. Haisababishwi na peremende wala chai tamu. Haisababishwi na laana. Mnakumbuka wanafunzi walivyomwuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu aliikataa hesabu hiyo. Basi na sisi tuikatae. Nasema hivi kwa sababu usiku wa kwanza tu hospitalini, mimi katekista, nilimwuliza mke wangu kama upande wao kuna ugonjwa huo. Yeye hakunijibu. Alikuwa ameshika mguu wa mtoto.

Sasa nitaungama jambo jingine.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu alijifunza yote. Alijua kuvuta insulini kwenye bomba la sindano bila kuacha hewa ndani. Alijua ni uniti ngapi asubuhi na ngapi jioni. Alijua kuhamisha mahali pa kudunga, leo paja, kesho tumbo, ili ngozi isifanye uvimbe. Aliamka saa nane za usiku kupima. Nami? Nilikuwa na kazi ya Bwana. Semina, Jumuiya, mafundisho ya Kipaimara, mazishi. Nilisimama mbele ya watu nikahubiri matumaini, na jioni nilikuta sindano imekwisha kudungwa. Nilijiambia kwamba ni kazi ya mama, ana mikono mepesi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikutaka kumwona mtoto wangu akidungwa, na woga wangu niliuvika kanzu ya utume.

Mwaka wa pili mke wangu alikwenda matanga ya shangazi yake, Kakamega, akalala huko. Usiku nilisikia binti akigugumia. Nikaenda, nikamkuta ametota jasho, anatetemeka, ananena maneno yasiyoeleweka, hata mimi hanitambui vizuri. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake nikaanza kusali. Nilidhani ni homa, na moyoni nilidhani mengine pia ambayo sitayaandika. Kaka yake mdogo, wa miaka 7, aliamka, akatutazama, akaenda jikoni. Alirudi na kikombe cha maji yenye sukari. Akaniambia, "Baba, ni sukari imeshuka. Mama humpa hii." Tukamnywesha polepole. Baada ya dakika kumi na tano hivi akaniuliza kwa nini nalia.

Mke wangu aliporudi nilimweleza. Nilitegemea anigombeze. Aliketi kwenye stuli ya jikoni, akaweka mkoba chini, akasema, "Baba watoto, nimechoka kuwa mjane na mume ninaye."

Wanaume wenzangu, neno hilo nawaachia mlitafune.

Tangu siku hiyo tuligawana. Usiku wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni wangu. Sindano ya asubuhi ni yangu, kwa kuwa yeye huwahi sokoni. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka mpaka mtoto mwenyewe akaniambia, "Baba, dunga tu haraka." Mwanzoni mke wangu alikuwa akisimama mlangoni kunichungulia, akinisahihisha kila kitu, na tulikosana juu ya hilo. Akina mama, hapa nina ombi kwenu: baba akianza kujifunza, mwacheni ajifunze. Akivuta polepole, msimnyang'anye bomba. Mkimnyang'anya atarudi kwenye semina zake.

Kila mmoja nyumbani ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuchanganyikiwa. Mashine ikionyesha chini ya 4, mpeni mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Mkiwa hamna kipimo, mpeni tu, msingoje. Akipata nafuu ale chakula. Lakini akiwa amezimia msimtie kinywaji mdomoni, kitampalia. Mlazeni kwa ubavu, mkimbilie hospitali. Na siku akiwa mgonjwa, hata kama hali chakula, msiache insulini. Wengi hukosea hapo. Mpimeni mara nyingi zaidi, mpeni maji, mwulizeni daktari juu ya kipimo cha dawa.

Turudi kwa Yairo. Yule mzee alipokuwa njiani na Yesu, msafara ulisimama. Yule mwanamke mwenye kutokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga, aligusa vazi, na Yesu akasimama kuuliza ni nani. Fikirini Yairo amesimama pale. Mtoto wake yu mahututi na Bwana anazungumza na mtu mwingine! Kisha wakaja kumwambia asimsumbue tena Mwalimu, mtoto amekwisha kufa. Ndugu zangu, sisi tuliomba muujiza. Tulifanya novena, tulitolea Misa. Kila asubuhi mashine ilituambia kwamba muujiza tuliouomba haukuja. Nilichokuwa nikikiita matumaini kilikuwa ni kungoja siku ambayo sindano zingekwisha, na kila siku zisipokwisha nikavunjika kidogo.

Padre mmoja ndiye aliyenisaidia, katika kitubio. Aliniuliza tangu mtoto wangu augue ameamka asubuhi ngapi. Nikasema sijui, mia nyingi. Akasema kila moja kati ya hizo haikuwa lazima.

Nikaanza kusoma kidogo juu ya hiyo insulini. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa hana njia. Madaktari waliweza tu kumpunguzia chakula, karibu kumwachisha kula, ili aishi miezi michache zaidi akiwa mifupa mitupu. Mwaka 1921 huko Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na kijana aitwaye Charles Best walipata njia ya kuitoa insulini katika kongosho za wanyama. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akifa. Haikufaa, dawa ilikuwa haijasafishwa vya kutosha. Mwenzao James Collip akakaa akiisafisha usiku na mchana, na tarehe 23 ya mwezi ule ule wakamdunga tena. Akainuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Nafikiri sana juu ya zile siku 12 za katikati, na juu ya wazazi wa kijana yule, waliokwisha kuona sindano ya kwanza ikishindwa.

Wagunduzi wale waliiachia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya dawa ile kwa bei ya kutamka tu, dola moja. Leo zaidi ya miaka 100 imepita, na bado iko familia inayouza mbuzi kununua chupa moja. Hilo siwezi kulifunika kwa maneno ya dini. Ni dhambi ya mtu, sijui ya nani, lakini si ya Mungu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba tabibu na ndiye anayetoa dawa katika ardhi. Kwa hiyo akija mtu kwako, awe mganga wa mizizi au mhubiri wa mkutano wa barabarani, akakuambia utupe insulini ili uonyeshe imani, mfanye kama Yesu alivyowafanya wale waliomcheka nyumbani kwa Yairo. Mtoe nje. Hata akiwa mjomba. Mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini hufa kwa siku chache, na anayemwachisha hatakuwepo kukusaidia kuchimba kaburi.

Sisi wa umri wangu tulioishi Eldoret tunakumbuka miaka ya tisini, Jumamosi baada ya Jumamosi tulikuwa makaburini kwa sababu ya ukimwi. Nani wakati ule angeamini kwamba watu wale wangekuja kuwalea wajukuu? Mwaka 2001, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianzisha AMPATH kwa ajili ya wagonjwa wale. Baadaye kazi hiyo ilipanuliwa ikagusa kisukari na shinikizo la damu. Tangu mwaka 2015 tuna pia hospitali ya watoto ya Shoe4Africa katika uwanja huo huo. Mwulizeni daktari wa kliniki yenu kama mtoto anaweza kuandikishwa katika mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya watoto wa nchi zenye uwezo mdogo, nayo Kenya imo. Jiandikisheni pia katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na ulizeni ni nini kinacholipiwa kabla ya kufika dirishani.

Wengi hawana jokofu na hudhani kwa hiyo hawawezi kutunza insulini. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliichunguza insulini katika joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, joto la kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 walitangaza kwamba kwa wiki nne haikupoteza nguvu yake. Sisi wa Eldoret tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi tunayo ya kugawa. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kivulini, kinatosha kwa chupa inayotumika, na mtashauriana na kliniki. Wenye jokofu nao wasiweke chupa karibu na mahali pa barafu. Insulini iliyoganda imeharibika.

Juu ya kufunga niliulizwa na mama mmoja ambaye binti yake alikataa uji Jumatano ya Majivu. Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 1252 inawafunga wenye miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na mgonjwa husamehewa. Kanuni ya 919 inaagiza kujinyima chakula saa moja kabla ya Komunyo, lakini wagonjwa hawafungwi nayo, wala wanaowahudumia. Mtoto wako sukari ikishuka katikati ya Misa, mpe peremende pale pale kwenye benchi, na akapokee Bwana wake. Yeyote atakayemkodolea macho mtume kwangu.

Na watoto wengine nyumbani? Kijana wetu yule wa kikombe siku moja alisema anatamani naye augue ili mama ampime usiku. Tulicheka, kisha hatukucheka. Tangu hapo nikienda shambani namchukua yeye peke yake.

Nanyi wawili pia mna kitanda chenu. Ugonjwa wa mtoto huweza kulala katikati yenu miaka mingi. Mnaweza kumaliza wiki nzima mkizungumza namba za mashine tu. Sisi tulipatana kwamba baada ya sala ya jioni, robo saa nzima, hakuna anayetaja sukari wala pesa. Mara ya kwanza tulikaa kimya, hatukuwa na la kusema. Mke wangu akaanza kunisimulia juu ya kuku.

Mwisho wa habari ile ya Yairo, binti amekwisha simama na watu wamestaajabu, Yesu anawaambia wazazi wampe chakula. Aliyemfufua angeweza pia kumshibisha, lakini kazi hiyo aliiacha mikononi mwa baba na mama. Nami kila jioni nikipakua ugali na mboga ya managu, nikikadiria kwa jicho ili upatane na sindano, hukumbuka agizo hilo.

Binti yetu leo ni msichana wa sekondari ya kutwa, anakimbia mbio za kati, na mfukoni ana glukosi yake. Majuzi alituuliza jikoni, bila kututazama, "Nani atanioa mimi na sindano zangu?" Mimi nikaanza kama katekista. Nikamwambia kwamba kisukari si kizuizi cha ndoa, kwamba mchumba lazima aambiwe mapema na si baada ya kutangazwa kanisani, kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huu huzaa salama wakimwona daktari kabla ya kushika mimba, na kwamba wengi mno wa watoto wao hawaurithi. Yote ni kweli, lakini alikuwa bado anatazama sufuria.

Mama yake akaendelea kukata mboga. "Atakayekuja," akasema, "kwanza baba yako atamfundisha kupima saa nane za usiku. Akiweza, ndipo alete hao ng'ombe."

Ndipo akacheka.